Hatua za Mpangaji

Kazi ya mume wangu ni kutembea bila kwenda popote. Nikisema hivyo watu hucheka, wakidhani namsengenya, lakini ndivyo ilivyo. Yeye ni fundi wa milio katika kituo cha redio. Mchezo unapoigizwa, waigizaji husimama mbele ya maikrofoni na karatasi zao, wakilia na kugombana, na yeye husimama pembeni na makorokoro yake: ubao, sinia la changarawe, mlango mdogo usio na nyumba, na kapu la viatu vya kila namna. Wewe unayesikiliza nyumbani, ukisikia tajiri anapanda ngazi, au mlevi anajikwaa kwenye ndoo, au bibi harusi anatoroka, jua huyo ni mume wangu, mzee mwenye kipara na suruali ya kaki, anakanyaga palepale aliposimama. Kazini wanamwita Kishindo. Mimi nami majirani wakanibatiza Mama Kishindo, na mgeni akilisikia jina hilo hutazamia kuona jimama la kutikisa ardhi. Akiniona nilivyo kijiti, hupigwa na butwaa.

Mwanzoni hakuwa hodari. Nasema kweli, maana hapa hawezi kunibishia. Alivaa viatu, akakanyaga ubao, basi. Siku moja mtayarishaji wa michezo, bwana mrefu ambaye mpaka leo akicheka hufunika mdomo kwa kiganja, alimsimamisha katikati ya mazoezi. "Kishindo, ndugu yangu," akamwambia, "huyu ni ajuza, huyu ni mwizi, huyu ni mganga. Mbona wote wanapiga kwata?" Studio nzima ikaangua kicheko. Mume wangu alirudi nyumbani amenuna, hakugusa chakula, na kesho yake wazimu ukaanza.

Wazimu wenyewe ulikuwa kusikiliza watu. Alikuwa akienda kukaa kwenye benchi nje ya posta, macho ameyafumba, daftari mapajani. Aliandika mambo ya ajabu. "Mwuguzi, mwisho wa zamu: kisigino kinachelewa." "Mtu anayekwenda kudanganya: hatua sawasawa mno." "Mwenye nyumba: mguu wa kulia mzito, ndio mfuko wenye funguo." Alipompenda mtu kwa mwendo wake alimfuata nyuma, ayanyake vizuri mapigo yake. Ole wake! Mama mmoja muuza vitambaa alichoka kufuatwa, akageuka na mwavuli akamtandika. "Mzee mzima huna haya!" Alirudi na nundu kwenye paji la uso. Mimi nilicheka mpaka nikashika ukuta, na yeye, nundu na yote, akaingia chumbani kuandika mwendo wa mwanamke aliyekasirika.

Miaka ikaenda, kazi ikanyooka. Aligundua kwamba mwendo hautoki miguuni. Kabla ya kuvaa kiatu chochote alijiuliza maswali matatu, kwa sauti, hata kama kuna watu: Anatoka wapi? Amebeba nini? Anamwacha nani? Asipopata majibu hakukanyaga. Alijaza mchanga mifukoni ili apate uzito wa mkulima aliyevuna. Alitia kokoto kiatuni kwa ajili ya mtu mwenye siri. Mara moja alikunywa jagi zima la maji ili amtembeze mjamzito. Mazoezi aliyafanya kwenye ukumbi wetu mwembamba, baina ya jikoni na mlango, na mimi na binti yetu tulikaa tumempa mgongo, tukikisia ni nani anayepita.

Binti yetu alikuwa kitinda mimba. Kaka zake wawili wameshaoa na wako mbali. Tulimwita Chiriku kwa sababu ya mdomo wake, alianza kusema kabla ya kuamka na akaendelea mpaka usingizini. Huyo ndiye aliyekuwa hakimu mkali. "Baba," alimwambia siku ile ya jagi la maji, "huyo si mjamzito. Huyo kavimbiwa." Baba yake akarudi mwanzo bila kinyongo.

Kwenye daftari, kila mwendo ulikuwa na mwenyewe. Mume wangu alichora mstari, upande mmoja akaandika mhusika, upande wa pili akaandika alikouazima: muuza magazeti, mwalimu mkuu, mama wa mwavuli. Lakini jambo hilo lilimkera. "Seremala anatengeneza kiti ambacho hakijawahi kuwapo duniani," aliniambia. "Mimi kila siku ni kuazima. Natamani kabla sijastaafu nibuni mwendo mmoja tu, usio wa mtu." Nilimjibu kwamba miguu ya watu iko ya kumtosha, aache tamaa.

Chiriku alifariki akiwa na miaka ishirini na mmoja. Aliondoka asubuhi kwenda chuo, akaanguka darasani kwa homa, akapelekwa hospitali, akakaa siku mbili bila kusema neno. Chiriku, asiseme neno! Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na sitauandika hapa, mkono wenyewe unakataa. Tulimzika. Mume wangu alirudi kazini baada ya mwezi, lakini mazoezi ya ukumbini yalikoma. Ukumbi ukawa ukumbi tu, wa kupitia.

Ilikuwa miaka minne baadaye aliporudi nyumbani uso umechangamka. Nilikuwa nimesahau kwamba uso ule unaweza kuchangamka. Wameanza mchezo mpya, akasema, juu ya nyumba yenye vyumba vya kupangisha, na kuna msichana anayekaa chumba cha uani, wanamwita Mpangaji.

"Mke wangu, nimepata."

"Umepata nini?"

"Mwendo. Wa kwangu. Leo nimevaa viatu tu, hata maswali sijamaliza kujiuliza, miguu ikaenda yenyewe. Sikuazima kwa mtu."

Akanionyesha daftari. Upande mmoja ameandika "Mpangaji". Upande wa pili, palipo mahali pa mwenyewe, ameandika "hakuna" na kupiga mstari chini yake mara mbili. Nikamwambia hongera, nikaendelea kukunja nguo.

Mchezo ulikuwa ukirushwa Alhamisi saa kumi na moja jioni. Alhamisi hiyo nilikuwa jikoni nakata vitunguu, redio iko juu ya rafu inaongea peke yake kama ilivyo desturi yangu. Nikasikia mtu anakuja. Hatua mbili za haraka, ya tatu inaburura soli kidogo. Mbili za haraka, ya tatu inaburura. Akafika mlangoni. Kiatu cha kushoto kikarushwa, kikaanguka pa! Cha kulia kikawekwa chini taratibu, kwa sababu ni baada ya kile cha kwanza ndipo anapokumbuka kuwa mama yake hapendi kelele. Nikaweka kisu, nikafuta mikono kwenye kanga, nikaenda kumfungulia.

Nje palikuwa na kamba ya nguo na ndoo iliyoinamishwa. Nyuma yangu, redioni, mwigizaji akasema, "Hodi humu, hakuna mtu?" kwa sauti isiyo ya mwanangu. Sijui nilisimama pale muda gani. Harufu ya vitunguu ilikuwa bado mikononi.

Aliporudi sikumpa hata nafasi ya kukaa.

"Yule umemtoa wapi?"

"Yupi?"

"Usinifanye mtoto! Miguu ya mwanangu umempa mtu wa redio. Hukuona miguu mingine mji mzima?"

Akaapa. Akaapa kwa kila kitu kinachoapiwa, akaleta daftari, akanionyesha lile neno "hakuna". Nikamwambia, "Haya, tembea." Akavaa viatu. Nikampa mgongo, ukumbini, mara ya kwanza katika miaka minne. Akatoka mlangoni mpaka jikoni, mbili za haraka, moja ya kuburura. Kiatu cha kushoto kikaanguka. Nikangoja cha kulia. Kimya. Nilipogeuka nilimkuta amekaa sakafuni, kiatu amekikumbatia kifuani, machozi yanamtiririka hadi shingoni.

"Nilidhani nimebuni," akasema. "Wallahi nilidhani nimebuni."

Akafuta "hakuna" kwa kalamu, akaandika jina la binti yetu. Akaahidi kuubadilisha mwendo.

Alhamisi iliyofuata Mpangaji akaja na miguu mingine, visigino vya kike vya kawaida, tap tap tap. Na hapa mnicheke mkitaka: nilishikwa na hasira ya ajabu. Nilitaka kuipiga redio ile kwa mwiko. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda tangu saa kumi namngoja, kumbe, na aliyekuja ni mgeni. Wasikilizaji nao walipiga simu kituoni kuuliza Mpangaji wao amekwenda wapi, mtayarishaji akamkoromea mume wangu, lakini hakuna aliyelalamika kunishinda mimi.

"Mrudishe," nikamwambia.

"Si wewe uliyenikataza?"

"Nilikataza nikiwa na hasira. Mrudishe mwanangu."

Basi Chiriku akawa anarudi nyumbani kila Alhamisi. Kwa miezi saba. Nilihamisha redio kutoka rafuni nikaiweka kwenye kigoda karibu na mlango, ili sauti itoke panapostahili. Siku hiyo sikupokea mgeni. Dada yangu alifika mara moja, nikamwambia kwa dirisha arudi Ijumaa. Akaenda akiwatangazia watu kwamba nimeingiwa na pepo, nami sikumlaumu. Mume wangu naye hakuwa na nafuu. Alikataza mtu yeyote kugusa vile viatu. Akawa anamwendea mwandishi wa mchezo na kumbembeleza amrudishe Mpangaji nyumbani mara mbili katika sehemu moja: amesahau mwavuli, amesahau kitambulisho, amesahau kufunga bomba. Mwandishi akalalamika kwamba msichana mwenye akili zake amegeuka punguani. Nyumbani hatukulizungumza jambo hilo hata siku moja. Tulikula, tukaulizana habari za kutwa, tukangoja Alhamisi.

Lenye mwanzo halikosi mwisho. Mchezo ukafika ukingoni. Katika sehemu ya mwisho Mpangaji anapata uhamisho wa kazi, anaondoka asubuhi, na mama mwenye nyumba anabaki na chumba kitupu. Kwenye karatasi iliandikwa: "Anatoka. Hatua zinafifia."

Siku ya mazoezi mume wangu alirudi saa sita mchana, mapema kuliko siku yoyote ya ndoa yetu. Akakaa kitini na kofia kichwani.

"Nimeshindwa," akasema. "Nimejaribu mara kumi. Kila nikimwondoa, anakuja. Mtayarishaji ananiuliza, Kishindo, huyu anakwenda au anarudi? Mke wangu, mimi sijui mtoto wetu alivyokuwa akiondoka. Miaka yote ile nilikuwa natoka nyumba bado haijaamka. Nimemsikia akirudi tu."

Nilijua anakokwenda, nikamkata kauli. "Mimi si mtu wa redio."

"Wewe ndiye uliyekuwapo."

"Nimesema sitaki."

"Basi watachukua kanda ya ghalani. Hatua za mtu yeyote zilizorekodiwa zamani."

Akavua kofia, hakunisukuma zaidi. Mimi nikaingia jikoni, nikashika hili, nikaacha, nikashika lile. Mwanangu aondoke kwa miguu ya mtu yeyote? Kesho yake asubuhi nilivaa nguo zangu za kwendea hospitali, maana sikujua redioni huvaliwa nini, nikamfuata.

Studio ni chumba kidogo kisicho na dirisha, kuta zimefunikwa mazulia makuukuu. Ndani yake hata pumzi yako unaisikia. Mtayarishaji akanipokea vizuri, "Karibu shemeji, karibu sana," akarudi nyuma ya kioo chake. Mwigizaji wa mama mwenye nyumba alikuwa amekaa pembeni na karatasi. Mume wangu akalaza ubao, akanipa viatu bapa vilivyonibana vidoleni. Akanieleza siri ya kufifia: huendi mbali na maikrofoni, unabaki palepale unapunguza uzito, kidogokidogo, mpaka inabaki soli tu. Kisha akachuchumaa mbele yangu akaanza maswali yake, kama alivyokuwa akijiuliza mwenyewe.

"Anatoka wapi?"

"Jikoni."

"Amebeba nini?"

"Mkoba, bega la kushoto. Madaftari mawili. Chupa ya maji haijajaa."

"Anamwacha nani?"

Nikaweka sawa mkoba wangu begani. Akarudia.

"Ananiacha mimi."

"Yukoje anayeachwa?"

"Amenuna," nikasema, na baada ya hapo mdomo haukuzuilika tena.

Nikamwambia nilichokuwa nimekificha miaka minne na miezi. Siku zote nilimsindikiza Chiriku hadi mlangoni, tukibishana, tukicheka, kwa hiyo hatua zake za kuondoka sikuzisikia kamwe, zilifunikwa na maneno. Nilizisikia siku moja tu. Asubuhi ile ya mwisho aliachia uji ukaungua kwa sababu alikuwa kwenye simu. Nilimfokea. Nilimwambia hana kazi hata moja atakayoiweza duniani. Akachukua mkoba. Mimi nikageukia sufuria. Akafika mlangoni, akavaa viatu, akasimama. Nilimsikia amesimama. Yeye wa kusema kutwa hakusema kitu, alikuwa ananingoja mimi niseme. Nami nikasugua sufuria kwa nguvu zaidi, ili asikie kwamba simjibu. Halafu akaenda.

Mwigizaji alikuwa ameinamisha kichwa. Nyuma ya kioo mtayarishaji hakufunika mdomo safari hii, alikuwa amegeuka upande. Mume wangu alikuwa bado amechuchumaa mbele yangu.

"Alingoja kiasi gani?" akauliza.

Nilitaka kumzaba kibao. Namweleza moyo wangu unaooza, yeye ananiuliza vipimo! Kisha nikaona kidevu kinamtetemeka, nikaelewa kwamba huyu ni baba anayeuliza, ila maneno aliyobaki nayo ni ya kazi yake.

"Pumzi nne," nikasema.

"Tumpe nne."

Nikavuta mkoba begani. Nikatembea kutoka jikoni, nikavaa viatu, nikasimama. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Kisha nikaenda, mbili za haraka, moja ya kuburura, nikipunguza uzito, nikipunguza, mpaka sikujisikia tena. Tulirekodi mara moja tu.

Mtayarishaji akatoka nyuma ya kioo anajikuna shingo. "Shemeji, umetuua. Lakini pale aliposimama pamekuwa parefu mno. Watu watadhani redio imezimika. Tukate hapo kidogo."

"Hapakatwi," akasema mume wangu. Sijawahi kumsikia akimwambia mkubwa wake hivyo. Mtayarishaji akatutazama wote wawili, akasema basi, pabaki.

Nilikuwa na siku nne za kujiandaa. Nilijua kitakachokuja, nilikitengeneza kwa miguu yangu mwenyewe. Safari hii kimya kile kingekuwa wazi mbele yangu, na nilikuwa nimeshachagua la kusema. Alhamisi tukakaa wote wawili, yeye kwenye kiti, mimi kwenye mkeka karibu na kigoda. Mama mwenye nyumba akalia kidogo. Hatua zikatoka jikoni. Viatu vikavaliwa. Akasimama, na mdomo wangu ukagoma. Nilisikia pumzi zangu za studio zikipita moja moja. Akaenda. Akafifia. Mtangazaji akaingia na salamu za wasikilizaji. Mume wangu akaniwekea mkono mgongoni, kisha akatoka nje, nikamsikia anaondoa nguo kambani ambazo zilikuwa bado mbichi.

Michezo hurudiwa Jumapili saa nane mchana, kwa ajili ya waliokosa. Sikumwambia mtu. Mume wangu alikuwa uani anatengeneza mguu wa meza. Nilizima jiko, nikafungua mlango, nikasimama pale ambapo asubuhi ile sikusimama. Chiriku akatoka jikoni na mkoba wake, akavaa viatu, akangoja. Pumzi ya kwanza ikapita. Katika ya pili nikasema, "Haya mama, nenda salama. Sufuria si kitu, imeshatakata."

Akasimama pumzi mbili zilizobaki, kisha akaenda.